Beetle Iliyotetemeka Hata Baada ya Kufungwa Klachi Mpya: Uchambuzi wa Kisa

Gari lililofika gerejini kwetu asubuhi hiyo lilikuwa na klachi mpya kabisa: diski, presha pleti (sahani inayoibana diski) na beringi yake. Vyote vilifungwa wiki tatu nyuma na vililipiwa fedha taslimu. Bado lilikuwa linatetemeka vilevile.

Kisa hiki ni cha kweli. Nimeondoa jina la mwenye gari, namba za gari, mji, na kila kitu kinachoweza kumtambulisha fundi aliyetangulia. Nakiandika kwa ajili ya mafundi vijana wanaoanza kushika magari ya zamani, na kwa wenye magari hayo wanaochoka kulipia spea zisizoondoa tatizo.

Gari na mwenyewe

Ni Volkswagen Beetle ya mwanzoni mwa miaka ya 1970, injini ya 1600 iliyo nyuma, usukani kulia. Mwenyewe ni mwalimu mstaafu aliyelinunua kutoka kwa mwajiri wake wa zamani na hajawahi kuliuza hata pale watoto walipomshauri. Wenye umri wake wanakumbuka Tommy Fjastad alivyoshinda Safari Rally ya 1962 kwa VW 1200, na kwao gari hili si kichekesho cha makumbusho. Ni gari la kazi. Mzee hulitumia kwenda sokoni, kanisani na shambani, na nyumba yake iko juu ya mteremko mkali ambao jioni lazima aupande kwa rivasi, kwa kuwa uani hakuna nafasi ya kugeuza.

Huo mteremko ushikeni, maana ndio uliotuhukumu mwishoni.

Malalamiko

Mzee alieleza vizuri kuliko wateja wengi. Akiachia klachi kuondoka kwa gia ya kwanza, gari zima linatetemeka, kioo cha ndani kinatikisika hadi haoni nyuma, na mlango wa abiria unagonga. Likishaondoka linatulia, na gia ya pili, ya tatu na ya nne zinaingia bila tabu. Kwenye rivasi akipanda kwake ndiko kubaya zaidi: linaruka kama chura mpaka injini inazima.

Fundi akisikia maneno hayo anapaswa kutenga magonjwa matatu ambayo watu huyaita kwa jina moja, "klachi mbovu". Klachi inayoteleza: injini inapiga kelele lakini gari halivuti. Klachi isiyoachia: gia zinakwaruza, hasa rivasi. Na klachi inayotetemeka: inashika, inaachia, inashika tena, pale pale pedeli inapopita nusu ya njia. Dawa za haya matatu hazifanani. Gari la mzee lilikuwa na la tatu peke yake, nalo ndilo ambalo chanzo chake mara nyingi kiko nje ya klachi yenyewe.

Matengenezo ya kwanza

Fundi aliyetangulia alishusha injini, akafunga klachi mpya, akarudisha. Kwa Beetle hiyo si kazi ya kutisha: injini imeshikwa na giaboksi kwa boliti nne tu, na mtu mzoefu mwenye jeki nzuri anaishusha ndani ya saa moja. Labda wepesi huo ndio mtego wake. Kwa kuwa kushusha ni rahisi, mtu hushusha kabla hajauliza.

Gari likatoka likitetemeka. Akaambiwa, "Mzee, endesha kwanza, klachi mpya itazoea." Akaendesha wiki tatu. Haikuzoea.

Alikuja kwetu na kiroba. Ndani yake kulikuwa na diski ya zamani, maana ana tabia nzuri ya kudai spea zake kuukuu.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba, mwanangu. Sitaki mnifungie klachi nyingine. Nataka mniambie hii ina nini."

Tulichokiona siku ya kwanza

Tulianza na kiroba. Niliiweka diski kwenye meza, juani, nikamwita kijana anayejifunza kwetu aiangalie kwa macho na kwa pua. Uso wake ulikuwa wa kijivu, mkavu, pande zote mbili. Riveti zilikuwa zimezama vizuri chini ya uso. Ukipitisha ukucha unaingia kabla ya kugusa kichwa cha riveti. Hapakuwa na mng'ao mweusi wa oili iliyoungua. Kijana akainusa: hakuna kitu.

Kunusa kuna maana yake. Diski ya Beetle inaweza kulowa kutoka pande mbili. Sili (mpira wa kuzuia oili) ya nyuma ya kranki, yaani shafti kuu ya injini, ikivuja, ni oili ya injini. Sili ya shafti inayotoka giaboksi ikivuja, ni oili ya gia, na hiyo ina harufu kali ya kiberiti ambayo ukiijua mara moja huisahau. Diski hii haikuwa na oili ya injini wala ya gia. Ilikuwa diski nzima iliyotolewa kazini ikiwa bado na maisha. Kwa hiyo mtetemeko haukuwa umetoka kwake, na diski mpya isingeweza kuuondoa.

Hapo ndipo nilipomuuliza mzee swali ambalo hakuwa ameulizwa.

"Mzee, siku ya kwanza kabisa kutetemeka ilikuwa lini?"

Akafikiri. "Tangu ulipokatika waya wa klachi. Masika ya mwaka jana. Nilikatikiwa barabarani, kijana mmoja akanifungia mwingine pale pale pembeni."

"Na hukumwambia fundi?"

"Hakuniuliza. Na waya ulishapona."

Tukaingia barabarani na kupima. Hendibreki juu, gia ya tatu, kuachia klachi taratibu: injini ikazima mara moja, kwa hiyo haitelezi. Kusimama, kukanyaga klachi, kuhesabu hadi tatu, kuingiza rivasi: ikaingia kimya, kwa hiyo inaachia kabisa. Kisha kuondoka kwa gia ya kwanza kwenye tambarare, na hapo nikauona mtetemeko wenyewe. Nilishika pedeli kwa mguu uliotulia kabisa, na bado gari lilishika na kuachia mara nyingi mfululizo, kama kuna mtu mwingine anayechezea klachi.

Tukalipandisha kwenye stendi, tukaingia chini na tochi.

Waya wa klachi wa Beetle unatoka kwenye pedeli, unapita ndani ya uti wa mgongo wa chesisi, na nyuma unatokeza na kuingia kwenye kava la kupindika linaloishia kwenye kishikio kilicho kwenye giaboksi. Kutoka hapo waya mtupu unakwenda kwenye mkono wa klachi, upande wa kushoto wa giaboksi, na kushikwa na nati yenye mabawa. Lile kava fupi halitakiwi kunyooka. Kiwanda kinataka lining'inie kwa upinde wa kati ya milimita 25 na 45, ukipima kutoka kwenye mstari ulionyooka kati ya ncha zake mbili hadi mahali lilipoinama zaidi. Upinde huo unapatikana kwa kuweka washa, yaani vyuma vya mviringo vyenye tundu, kati ya ncha ya kava na kishikio.

Niliweka rula. Milimita 8. Washa hapakuwa hata moja. Zilianguka pembeni mwa barabara masika ya mwaka jana, kwenye majani, siku waya ulipobadilishwa, na aliyebadilisha hakujua kama zina kazi.

Jambo la pili: mauntingi, yaani mipira ya kubebea giaboksi. Giaboksi ya Beetle inabebwa na mipira mitatu, mmoja mbele na miwili nyuma karibu na injini. Ile miwili ya nyuma ilikuwa imelowa oili ya miaka mingi. Kijana alipouingiza mtarimbo na kuinua kidogo, mpira wa kushoto ulifunguka mdomo, ukaonyesha nyufa ndefu kati ya mpira na chuma.

Tuliangalia pia bomba linaloongoza waya ndani ya chesisi, maana kwenye magari haya kulehemiwa kwake huachia kwa uzee. Mmoja akakanyaga pedeli, mwingine akatazama nyuma kama bomba linatoka nje. Halikusogea. Hilo likaondoka kwenye orodha.

Kwa nini kava linatakiwa kupinda

Nitakaa hapa kidogo, kwa sababu mafundi wengi wanaambiwa "weka washa" bila kuelezwa, na asiyeelezwa ndiye anayezitupa.

Kila mtu aliyewahi kufunga breki za baiskeli ameona hili. Kava la waya likiwa fupi mno, ukigeuza usukani breki inashika yenyewe. Mkono wako haukubana kitu, lakini njia ya waya imebadilika urefu.

Kwenye Beetle, pedeli iko kwenye chesisi na mkono wa klachi uko kwenye giaboksi, na giaboksi imekaa juu ya mipira. Unapoachia klachi, nguvu ya kwanza inayokwenda kwenye magurudumu inazisukuma injini na giaboksi zijongee kidogo juu ya mipira hiyo. Kava likiwa na upinde, linaumeza mjongeo huo: linainama zaidi au kidogo, waya haujui. Kava likiwa limenyooka, halina cha kutoa. Giaboksi inavuta waya, klachi inaachia ingawa mguu wako haujasogea. Nguvu inapungua, giaboksi inarudi, waya unalegea, klachi inashika tena. Inajirudia hivyo mara kadhaa kwa sekunde. Yule "mtu mwingine" niliyehisi anachezea klachi alikuwa giaboksi yenyewe.

Mipira ikiwa imechoka, mjongeo unakuwa mkubwa zaidi. Kwa hiyo kava lililonyooka na mipira mibovu vilikuwa vinasaidiana kumuumiza mzee.

Uamuzi wa kuanza na kava

Kijana alitaka tushushe injini mara moja. Hoja yake ilikuwa na uzito: mipira ya nyuma haibadilishwi vizuri bila kushusha injini, na tukishashusha tungeona klachi pia. Mzee naye alishaanza kukubali.

Nilikataa, kwa sababu mbili. Kwanza, mipira ilibidi iagizwe kutoka jiji kubwa, na gari lingelala siku nne bila kazi. Pili, na hii ndiyo kubwa, nilitaka kujua. Tukibadilisha vitu viwili kwa wakati mmoja na gari likapona, hatutajua kilichomponyesha, na gari la pili likija na ugonjwa huu tutabahatisha tena.

Tukafungua nati yenye mabawa, tukauchomoa waya kutoka kwenye mkono, tukaingiza washa nne za milimita 2 kila moja kati ya kava na kishikio, tukarudisha. Rula ikasoma 31. Tukapaka grisi kwenye uzi wa waya, tukarekebisha nati mpaka mchezo wa pedeli, yaani pale inaposhuka bure kabla ya kuanza kuvuta, ukawa milimita 15. Kitabu kinataka kati ya 10 na 20. Kazi yote haikufika nusu saa.

Kwenye tambarare gari liliondoka laini. Mzee alikaa kiti cha abiria na kuangalia kioo cha ndani, kilitulia. Alicheka kwa sauti, nami nilifurahi naye.

Tukaenda kwake. Kwenye mteremko, kwa rivasi, mtetemeko ukarudi. Si ule wa kuruka kama chura, injini haikuzima, lakini ulikuwepo, na hakuna aliyejidanganya kuwa haupo. Tukaagiza mipira yote mitatu.

Injini chini

Ilipofika tulishusha injini. Nilisimamia kitu kimoja kwa ukali, na nakisema kwa kila kijana: injini ya Beetle ina uzito wa zaidi ya kilo 100, na wakati wa kuitoa au kuirudisha isiachwe hata dakika moja ining'inie kwenye shafti ya giaboksi. Uzito huo ukilala kwenye shafti unapinda kitovu cha diski, na diski iliyopinda inatetemeka maisha yake yote hata ikiwa mpya. Jeki ndiyo inayobeba, mikono inaongoza tu.

Kwa kuwa klachi ilikuwa wazi, tuliikagua yote. Napenda niseme kwa haki: fundi wa kwanza alifanya kazi safi. Diski ilikuwa ya milimita 200, sahihi kwa injini hiyo. Presha pleti ilikuwa ya aina isiyo na ringi katikati, inayokwenda na beringi inayoteleza juu ya bomba lake, kama inavyotakiwa kuanzia modeli za 1971. Wengi huchanganya hizo aina mbili na kuharibu vyote. Flaiwili, lile gurudumu zito la injini ambalo diski hubanwa juu yake, haikuwa na madoa ya bluu ya moto. Sili zote mbili zilikuwa kavu. Tulichoongeza ni grisi kidogo mno kwenye meno ya shafti, tukafuta iliyozidi, maana ikirushwa kwenye diski unaanza ugonjwa mwingine.

Mipira mipya ikafungwa, injini ikarudi, boliti nne zikakazwa kwa Nm 30 (kipimo cha nguvu ya kukaza).

Siku gari liliporudi nyuma

Tulilijaribu jioni. Kwenye tambarare, pale pale lilipokuwa laini siku nne zilizopita, likatetemeka. Si sana, lakini zaidi ya lilivyokuwa kabla ya kuwekewa mipira mipya.

Mzee hakusema kitu. Alinitazama tu, na huo utazamaji ulikuwa mzito kuliko maneno. Kijana akaanza kusema kwamba pengine tumepinda diski wakati wa kurudisha injini. Mimi mwenyewe niliogopa hivyo hivyo kwa dakika kadhaa, na nilikaribia kuamuru injini ishushwe tena usiku ule.

Kilichotuokoa ni rula iliyokuwa bado mfukoni mwangu. Nililala chini nikapima kava: milimita 18. Mipira ya zamani ilikuwa imekaa chini kwa miaka, na giaboksi ilikuwa imelala nayo. Mipira mipya ikairudisha mahali pake pa kiwandani, umbali kati ya chesisi na kishikio ukaongezeka kwa milimita chache, na upinde tuliouweka kwa makini ukanyooshwa. Milimita sita tu za umbali zinatosha kuula karibu nusu ya upinde, kwa kuwa kava ni fupi.

Washa mbili zaidi. Rula ikasoma 28. Nati tena, pedeli tena milimita 15.

Matokeo

Tambarare: laini. Mteremko kwa rivasi, mzee mwenyewe akiendesha, mimi nimesimama uani kwake gizani nikiangalia taa za nyuma zikija: zilipanda bila kuruka. Alirudia mara tatu kwa hiari yake. Tulimwomba arudi baada ya mwezi. Kava lilikuwa bado kwenye milimita 28, mchezo wa pedeli ulikuwa umepungua hadi 13, na klachi ilikuwa inashika vizuri.

Washa sita bei yake haifiki chai na chapati mbili. Mipira na kazi ya kushusha injini viligharimu kiasi kikubwa, ila vilihitajika. Klachi mpya ya wiki tatu kabla ndiyo haikuhitajika, na hiyo mzee hakurudishiwa na mtu.

Uchambuzi

Kilichofanya kazi kuliko vyote ni diski kuukuu ndani ya kiroba. Bila hiyo ningelazimika kuamini kwamba klachi ya zamani ilikuwa mbovu na mpya nayo ni mbovu, na ningekuwa natafuta diski ya tatu. Tangu kisa hiki kila spea inayotoka kwenye gari gerejini kwetu inakwenda kwa mwenyewe, hata akisema haitaki, na kabla haijatoka tunaisoma.

Swali la "lini mara ya kwanza" lilituonyesha mahali pa kutazama kabla hatujaingia chini ya gari. Mzee aliuona waya na mtetemeko kama mambo mawili, na hakukosea. Si kazi yake kuyaunganisha. Ni kazi yetu kuuliza kilichobadilishwa muda mfupi kabla ya ugonjwa, hata kama kinaonekana hakihusiani.

Kubadilisha kitu kimoja kwa wakati kulitupa uhakika kwamba kava ndilo lililokuwa na sehemu kubwa ya tatizo na mipira ilikuwa na sehemu iliyobaki. Lakini hapo hapo ndipo tulipojikwaa. Niliiona hatua ya kava kama imekwisha, nikaifunga kichwani, nikahamia kwenye mipira. Sikufikiri kwamba mipira inabadilisha mahali giaboksi inapokaa, na kwamba kila kipimo kinachotegemea mahali hapo kinafutika. Kama jaribio, kuanza na kava kulikuwa sahihi. Kama marekebisho ya mwisho, kava lilipaswa kuja baada ya mipira, na karatasi ya kazi ilipaswa kusema hivyo. Sasa inasema: baada ya kugusa mauntingi yoyote, pima upinde wa kava kabla gari halijashuka kwenye stendi.

Kosa la pili ni dogo lakini linaniuma. Ile jioni niliacha hofu ya kijana iniingie. Tulikuwa tumebeba injini kwa uangalifu, hapakuwa na sababu ya kuamini diski imepinda, na bado nilikuwa tayari kushusha injini kwa kubahatisha, jambo lile lile lililofanywa na aliyenitangulia. Tofauti kati yangu naye siku ile ilikuwa rula.

Kuhusu yule kijana wa barabarani aliyefunga waya: alimtoa mzee kwenye mvua na kumfikisha nyumbani, na sina neno baya juu yake. Washa hizo hazionekani kama spea. Ni vyuma vya mviringo visivyo na chapa, vimejaa tope, na waya ukivutwa vinaanguka vyenyewe. Ukifungua waya wa klachi wa Beetle, tandika kitambaa chini kabla ya kuchomoa, na hesabu kinachoangukia hapo.